Gauni Lenye Ua Kiunoni

9 Februari

Pini mwanangu,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo kupita kiasi: amenunua baiskeli. Mtu wa umri wake, mwenye goti linalotabiri mvua, amenunua baiskeli ya gia na kofia ngumu ya rangi ya machungwa, na kila asubuhi anapita mbele ya duka langu akipiga kengele ili nimwone. Simwangalii. Fundi wangu wa cherehani ndiye anayempungia mkono, halafu mshono unakwenda upande. Huyu Fundi, tangu nimwajiri ulipokuwa unang'oka meno ya utoto, hajawahi kushona mstari ulionyooka baba yako akiwa karibu, na mimi nimenyamaza.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu unaijua. Sikio langu la kushoto limestaafu, kwa hiyo simu naiweka spika na duka zima linashiriki. Mara ya mwisho uliponieleza habari za tumbo lako, mteja aliyekuwa chumba cha kujipimia alitoa kichwa nje ya pazia akakushauri unywe tangawizi. Mambo ya maana tuyaweke kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa duka la nguo za harusi. Wao hawakodishi kama mimi, wanauza mpya. Wana dirisha la kioo kutoka juu mpaka chini na masanamu yasiyo na vichwa, na usiku wanayaacha yamewashiwa taa kama yanangoja mtu. Tangu lifunguliwe, mabinti wanapita upande ule. Mwenye nyumba ameliona hilo kabla yangu. Amenijia mara mbili na kijana anayeuza makava ya simu, wakapima ukuta wangu kwa macho. Nimemwambia anisubiri mpaka mwisho wa Septemba, msimu wa harusi uishe. Magauni yasipotoka, nitamrudishia ufunguo wake bila maneno. Nimesema hivyo kwa sauti ya kijasiri, kisha nikaenda nyuma nikakaa kwenye furushi la mashela. Pini, sijui mikono yangu itafanya nini bila duka hili.

Wewe uko kwenye ofisi ya matangazo. Juzi Fundi alinionyesha kwenye simu yake mwanamke anayeuza sufuria kwa kucheza mbele ya jiko. Mimi sitacheza. Ila nimetegemea methali ya kizuri chajiuza miaka yote, na naona siku hizi kizuri kinajiuza baada ya kupigwa picha. Nielekeze.

Na jingine. Baba yako anasema ulipompigia Jumapili alisikia mwanaume akicheka nyuma yako. Ni nani?

Shangazi yako

---

27 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inakwenda, ila bosi amenuna wiki nzima kwa sababu tulimtengenezea mteja wa sabuni tangazo ambalo mtoto ametoka bafuni mchafu kuliko alivyoingia. Mwambie Baba akivaa kofia afunge na mkanda wa kidevuni, na asipige kengele mbele ya Fundi kama hana nia.

Sasa kazi. Usimwogope yule wa ng'ambo. Ana kioo, wewe una watu. Tutafungua ukurasa kwenye simu ya Fundi, maana yako ya vitufe haiwezi. Jina liwe jina la duka basi, usiongeze "la kimataifa", nakujua. Picha zipigwe asubuhi karibu na dirisha, sio chini ya ile taa yako ya njano inayomfanya kila mtu aonekane ana homa. Jumatatu msiposti kitu, watu wana hasira zao. Katikati ya wiki onyesheni kazi: Fundi akishona shanga, pasi ikipita juu ya lesi. Alhamisi jioni mabinti wanaanza kuota harusi, na hapo ndipo mweke bibi harusi. Ila msiweke gauni kwenye hanga, Shangazi. Gauni kwenye hanga ni kitambaa. Mtu anataka kumwona mtu.

Na watu unao. Ile albamu yako chini ya kaunta ina kila bibi harusi aliyewahi kukodi kwako. Duka la jana haliwezi kuwa na kitu kama hicho. Itumie.

Kila wiki pia mpite kwenye kurasa za maduka mengine, hata ya miji mingine, mwone wanafanya nini. Sisi ofisini tunaita kuwachunguza washindani. Wewe unaita umbeya, na umekuwa bingwa wake tangu zamani.

Mwanaume aliyecheka ni redio.

Wako, Pini

---

30 Machi

Pini,

Hatujambo. Redio yenu inacheka kwa adabu, baba yako anasema. Iambie inisalimie. Yeye mwenyewe alianguka na baiskeli mbele ya kituo cha mafuta, hakuumia ila heshima. Usichelewe kujibu ukadhani mimi ndiye niliyechelewa: funguo za sanduku la posta anazo fundi viatu wa jirani, na yeye huenda posta akijisikia.

Tulifungua ukurasa. Wafuasi wetu wa kwanza walikuwa dada yake Fundi na mwanaume anayeuza matairi. Tukaonyesha pasi ikipita juu ya lesi, yule wa matairi akaipenda. Nikaona mambo si mabaya. Ikafika Alhamisi, nikafuata agizo lako neno kwa neno. Nilitoa albamu.

Unakumbuka Kitunguu? Wewe ndiye uliyeliita hivyo gauni lile, kwa kuwa lina tabaka juu ya tabaka. Unajua lilikuwa gauni langu mwenyewe. Unajua niliamka na wasiwasi siku ya harusi yangu, nikalipiga pasi, nikaliunguza kiunoni, na bibi yako akakata kipande cha shela akashona ua juu ya lile doa huku gari likipiga honi nje. Wiki iliyofuata binti wa jirani akaliazima, na duka likazaliwa hivyo. Basi Kitunguu limewavalisha maharusi kumi na mmoja baada yangu. Niliwatoa wote kumi na mmoja, Fundi akawapanga safu mbili nzuri, nami nikamwambia maneno ya kuandika: "Gauni moja, maharusi kumi na mmoja, na bado halijachoka." Nilijisifu mpaka nikanywa soda.

Asubuhi Nesi, mmoja wa hao kumi na mmoja, alikuwa mlangoni kabla sijafungua kufuli. Kumbe alimwambia mumewe gauni lililetwa na ndugu yake kwa ndege. Nyuma yake akaja Mwalimu. Yeye aliwaambia ukweni kwamba amelishona kwa mikono yake, na tangu siku hiyo wanamletea suruali awapunguzie, naye anazipenyeza kwa Fundi kwa siri. Nilikuwa najiuliza mume wake ana miguu mingapi. Kisha wakaja wawili walioolewa na ndugu wa tumbo moja, ambao kila mmoja alikuwa akimtambia mwenzake kwa gauni lake. Waliiona picha wakiwa meza moja. Wangeweza kusema ni magauni yanayofanana tu, lakini ua, Pini. Ua liko pale pale kiunoni kwa wote kumi na mmoja, kama muhuri.

Tumeifuta. Mmoja alilia. Mwingine alitaka ifutwe mara moja, halafu akauliza kama naweza kumchapishia nakala.

Sasa niambie. Umekulia chini ya meza ya duka hili ukiokota pini, ndiyo maana unaitwa hivyo. Hukuwahi kusikia hata mara moja mteja akininong'oneza, "Usimwambie mtu"? Biashara yangu ni siri, na wewe umenipa tarumbeta.

Shangazi yako

---

15 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti. Nimesoma barua yako ndani ya lifti nikacheka hadi mtu akanishikia mkoba, kisha nikafika ghorofa yangu nikaona haya. Una haki. Nilisikia "usimwambie mtu" hata kabla sijajua kusoma. Nilisahau kwa sababu huku tunashinda tukiambiana kwamba kila kitu kioneshwe.

Tusikate tamaa. Kuanzia sasa hakuna sura. Piga picha za migongo. Mgongo wa bibi harusi una vifungo, shela, mkia wa gauni sakafuni, na haumfichui mtu. Waulize wafuasi: "Mgongo wa nani?" Watakesha wakibishana. Na ile kazi ya Fundi ya kutoa doa la keki kwenye mkia wa gauni, irekodini yote, tangu doa likiwa bichi. Hakuna anayeweza kuacha kutazama doa likitoka.

Lakini mwishoni tutahitaji sura moja. Mmoja tu atakayesimama mbele ya kamera aseme, nimekodi, na nimependeza. Aibu hii, Shangazi, ni ya kuambukizana. Akipona mmoja watapona wote. Mficha uchi hazai, si ndivyo mnavyosema? Mtafute huyo mmoja.

Likizo ya Juni sidhani kama nitakuja. Kazi zimebana. Nitakueleza.

Pini

---

20 Mei

Pini,

Marahaba, inuka. Baba yako amemfundisha Fundi kuendesha baiskeli. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba mtu mwenye goti bovu alikuwa anakimbia barabarani ameshika kiti cha nyuma.

Migongo imefanya kazi. Watu wanabishana mpaka saa za kulala. Kuna mama mmoja aliapa mgongo ni wake, na hajawahi kukanyaga dukani. Doa la keki nalo limetazamwa na watu wengi kuliko wanaoishi mtaa huu. Fundi na kipande chake cha chaki na maji baridi, wanamwita daktari. Anapaka rangi mdomoni kabla ya kurekodi, ingawa inaonekana mikono tu.

Tatizo ni kwamba wanatazama na hawaingii. Kuingia ni kuonekana unaingia, na wale wasio na vichwa wanatazama kutoka ng'ambo. Nimefanya mpango na fundi viatu. Kibanda chake kina mlango unaotokea uani kwangu, kwa hiyo bibi harusi anakuja na kiatu kwenye mfuko, anakaa kidogo kama anayesubiri kisigino, halafu anapenya. Wamepatikana wanne kwa njia hiyo. Fundi viatu analalamika kwamba viatu vyenyewe ni vizima, lakini amevipiga rangi vyote. Wanne hawatoshi, na mwenye nyumba anajua kuhesabu.

Huyo mmoja wa kuonyesha sura nimemtafuta. Nimewauliza mmoja mmoja, kwa upole, hata nikaahidi shela ya bure. Wote wananiambia, "Mwenzangu aanze." Nesi alisema angekubali kama angekuwa mjane.

Sikulazimishi kuja Juni. Ila nilikuwa nakupimia moyoni. Siku yako ikifika, najua Kitunguu litakukaa bila kupunguzwa, maana una kiuno changu cha zamani. Redio ina habari gani?

Shangazi yako

---

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka, nipo kwenye foleni. Hongera kwa wanne, hongera kwa daktari wa madoa. Endeleeni na migongo, na mwongeze video fupi ya vifungo vikifungwa, mmoja baada ya mwingine, bila muziki.

Redio nzima. Juni siji, kama nilivyosema. Tutaongea. Msalimie Baba na mwanafunzi wake.

Pini

---

2 Julai

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi huku ni wazima. Baba yako ni mzima, Fundi ni mzima, na mimi pia.

Nakushukuru kwa mafunzo yako. Uliniagiza niwachunguze washindani, hata wa miji mingine, nami nimewachunguza. Juzi Fundi alifungua ukurasa wa duka kubwa la mjini kwenu, lile lenye ngazi za marumaru. Na wao wanapiga migongo. Sijui nani aliwashauri.

Mgongo wa Jumamosi ulikuwa mzuri. Gauni jipya, lebo bado inaning'inia kwapani. Fundi akaniuliza kwa mchezo, "Mgongo wa nani?" Nikamwambia. Mgongo huo nimeupima kwa futi tangu ukiwa na sare ya darasa la kwanza. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kwa kuwa mwenyewe alibebea mkoba upande mmoja na hakusikia alipoambiwa. Na alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja nyuma kama korongo, jinsi alivyokuwa akisimama kwenye meza yangu nikimpindia marinda.

Nyani haoni kundule. Mwezi wa Aprili mtu aliniandikia kwamba aibu ni ya kuambukizana. Nimeumia, nisikufiche. Si kwa ajili ya gauni. Ni kwa kuwa nimeijua harusi yako kama mpita njia.

Hongera sana. Ufunguo nitaurudisha mwisho wa Septemba kama nilivyoahidi.

Mwenye duka

---

12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nilianza na mzaha. Sasa naanza bila mzaha. Ni mgongo wangu.

Redio ni mtu. Ni mhasibu wa ghorofa ya pili ofisini kwetu, anacheka sana, na tangu nimsomee barua zako mwenyewe anajiita Redio. Ananipenda, nami nampenda. Mwezi wa nne alinipeleka kwao. Mama yake ni mtu wa sahani zenye ukingo wa dhahabu. Tulipokuwa tunakula aliniuliza gauni litatoka wapi, nikasema shangazi yangu ana duka la nguo za harusi. Akasema, "Anauza?" Shangazi, nilikuwa na chakula mdomoni, nikatikisa kichwa kukubali. Ningeweza kumeza na kusema ukweli. Nilimeza nikanyamaza. Akasema, "Basi atakuvalisha jipya." Tangu hapo nimekuwa nikikimbia mbele ya neno lile moja. Nikaona nikija nyumbani Juni utaniuliza, na nikikuambia utanivalisha Kitunguu, na mama yule atauliza ua lile ni la nini. Nikaenda kwenye ngazi za marumaru. Sikujua walinipiga picha.

Niliona haya kwa sababu yako. Nimeandika sentensi hiyo na siifuti, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sasa naionea haya ile haya yenyewe. Kila mteja wako aliyesema "usimwambie mtu" nilimcheka kwenye barua. Mimi ndiye wa kumi na mbili.

Nisamehe. Gauni lile nimelirudisha. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Pini wako

---

6 Agosti

Kwa Mwenye Duka,

Sijapata jibu. Ama fundi viatu hajajisikia kwenda posta, ama umekasirika kiasi hicho. Ninaomba iwe posta.

Naandika kama mteja. Naomba kujua kama gauni liitwalo Kitunguu lina nafasi Jumamosi ya pili ya Septemba. Harusi itafanyika hapo hapo nyumbani, tumeshamwambia Baba, na akasema atakuja ukumbini kwa baiskeli.

Nimemwambia mama mkwe pia. Nilikwenda peke yangu, nikakataa chai ili nisipate cha kujificha nyuma yake, nikasema, shangazi yangu anakodisha, hauzi, na mimi nitavaa la kukodi ambalo limevaliwa na maharusi kumi na mmoja, na lina doa la pasi chini ya ua. Alipangusa kijiko ambacho kilikuwa safi. Kisha akaniuliza kama mna gauni la mama wa bwana harusi, saizi pana kidogo, na kama kuna mlango wa nyuma.

Pini

---

19 Agosti

Mteja mpendwa,

Barua zako zote mbili zimefika siku moja. Fundi viatu alikuwa na mafua. Ila nisikudanganye: hata ingefika mapema ile ya kwanza, ningeikalia wiki moja hivi. Nilikuwa na hasira nzuri na sikutaka iharibike upesi.

Kitunguu lina nafasi. Masharti ya duka ni haya. Gauni hujaribiwa hapa hapa, mteja akiwa amesimama kwa miguu miwili. Hakuna kula keki ukiwa umekalia mkia. Na mteja wa ukoo huu huingia kwa mlango wa mbele, mchana, barabara ikiwa na watu. Mlango wa nyuma ni wa mama mkwe wako. Mwambie aje na kiatu.

Mkwe wangu Redio naye aje, nisikie kicheko chenyewe kwa sikio langu zima.

Nilisoma ile sentensi ambayo hukuifuta. Niliisoma mara mbili, nikaenda kukaa kwenye mashela. Kisha nikakumbuka kwamba siku ya harusi yangu, kila aliyeniuliza habari za lile ua nilimwambia ni mtindo mpya. Kwa hiyo wa kwanza kuficha ni mimi, na doa ni langu. Njoo.

Shangazi yako

---

4 Oktoba

Pini mwanangu,

Marahaba kwako na kwa mkwe wangu. Natumaini mmerudi salama na mmepata pa kuweka zile sahani zenye ukingo wa dhahabu ambazo mama mkwe amewapa. Alikuja, unajua, siku mbili kabla ya harusi, na kiatu kwenye mfuko wa plastiki. Fundi viatu akamuuliza kina nini. Akasema, "Hakina kitu, niambie tu mlango uko wapi." Nimempenda.

Baba yako anaumwa goti kwa kucheza. Fundi anampelekea supu, kwa baiskeli.

Kitunguu lina doa la keki kwenye mkia. Sharti la pili ulilivunja mbele ya macho yangu, na nilinyamaza kwa sababu kamera ilikuwa inawaka. Fundi ameshalitoa.

Sasa habari yenyewe, maana ulikuwa safarini na najua ulizima simu. Ile picha uliyoiweka mwenyewe jioni ya harusi, umekaa, unacheka, sura yote wazi, ua linaonekana, na maneno yako chini: "Nimekodi kwa shangazi yangu. Narudisha Jumatatu." Fundi alinisomea dukani, nikamwambia anisomee tena. Nilitoka nje nikasimama barabarani kidogo, sijui nilifuata nini.

Usiku hakuna aliyesema kitu. Nikadhani tumewaaibisha watu mara ya pili. Asubuhi Mwalimu akaandika chini ya picha yako, "Na mimi," akaweka na ya kwake. Akaongeza kwamba suruali zote zipelekwe kwa Fundi moja kwa moja. Kisha wakaja wale wawili wa ndugu wa tumbo moja, mmoja saa tatu na mwingine saa tatu na dakika moja, hata hapo walikuwa wanashindana. Kisha wengine. Nesi alinyamaza. Lakini mumewe akaandika, "Na mke wangu. Nilijua tangu siku ile, gauni lililoshuka kwenye ndege halinuki chaki." Nesi amekuja dukani kulalamika juu ya mumewe kwa saa nzima, huku amekaa kwenye kiti cha mbele, karibu na dirisha, ambapo barabara nzima inamwona.

Wawili hawajasema, na hawatasemwa na mimi. Siri bado tunauza kwa wanaoihitaji. Mlango wa uani haujapigwa misumari.

Mwenye nyumba alipita mwisho wa mwezi na kijana wake wa makava. Hawakuweza kuingia. Kulikuwa na mabinti watatu na mama zao, na mmoja alikuwa kwenye chumba cha kujipimia akitoa kichwa nje ya pazia kumshauri mwenzake. Nilimpungia mwenye nyumba mkono kwa mbali, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Albamu sasa iko juu ya kaunta. Nimeibandika picha yako mwisho, baada ya ya kumi na moja, na ya kwangu nimeibandika mbele, ambako haikuwahi kuwepo.

Kimoja cha mwisho. Jana aliingia binti nisiyemjua, kwa mlango wa mbele, na mama yake. Nilimtolea gauni jipya kidogo, lisilo na historia, nikalisifia lesi yake. Hakulitazama. Akaniambia, "Samahani, mama. Nilikuwa naulizia lile lenye ua."

Shangazi yako